Maswali na majibu: Chumba kimoja, watu wa makwao mbalimbali

Vyuo vimefunguliwa, na kama kawaida nusu ya barua ni za watu wanaotaka kubadilishiwa chumba. Naanza na hizo ili tuzimalize.

Shikamoo. Nimepangwa chumba kimoja na mtu wa dini nyingine, tena anatoka Burundi. Sina ubaguzi, ila sijazoea. Naombaje kubadilishiwa? – Mwaka wa kwanza, Dar es Salaam

Marahaba. Usiombe. Swali hili linarudi kila mwaka vyuo vikifunguliwa, na kila mwaka linakuja na hiyo hiyo "sina ubaguzi, ila". Chumba hubadilishwa kwa sababu ya wizi, vitisho, ulevi wa kuvunja vitu, au wewe una pumu na mwenzako anavuta sigara. Kutozoea hakumo. Umekaa naye siku ngapi hata ujue utashindwa?

Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Sheria ilisomewa Dar, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Mganda aliyetaka uwakili alifunga mizigo akashuka Dar. Mtanzania aliyetaka udaktari akapanda kwenda Kampala. Hakuna aliyeulizwa kama amezoea. Yoweri Museveni alisoma Mlimani, yaani hapo chuo cha Dar, katika miaka hiyo, na John Garang kutoka Sudan, aliyekuja kuongoza wapiganaji wa kusini, naye alipita hapo. Vyuo vilipotengana mwaka 1970 kila nchi ilipata chuo chake cha kujivunia, na sote tukapoteza ule ulazima wa kulala chumba kimoja na jirani. Mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haijaurudisha. Wewe umeupata bure kwenye orodha ya vyumba, unataka kuurudisha ofisini.

Barua nyingine zote za aina hii zichukue jibu hilo hilo.

Rumeti wangu anatumia sukari yangu, sabuni yangu na juzi taulo langu. Anasema kwao vitu ni vya wote. Je, hiyo ni mila ya kwao?

Hapana. Ni tabia yake. Mwambie leo, kabla hajafika kwenye mswaki.

Mimi ni Mtanzania, nasoma Makerere. Wenzangu wa bwenini wakianza kuzungumza Kiganda nabaki naangalia ukuta. Nahisi wananisengenya.

Mwanangu, mara nyingi watu wanaozungumza lugha usiyoijua wanaongelea chakula, mpira na hela. Hawana nafasi ya kukujadili wewe kila jioni. Jaribu hivi: ukimkuta mtu anafua au anafagia, mwambie "gyebale ko". Ukipewa kitu, "webale". Mwanamume ni "ssebo", mwanamke ni "nnyabo". Utachekwa matamshi, na ukishachekwa umeingia. Kaa nao asubuhi kwenye katogo, zile ndizi zilizopikwa pamoja na mboga au nyama, usikimbilie kumtafuta Mtanzania mwenzako wa bweni la pili mle peke yenu mkilalamikia posho. Posho ni ugali, unaujua. Ukitaka kujua hauko peke yako, muulize Mwacholi wa chumba cha jirani: na yeye yuko Uganda kwao, na Kiganda kinampita vilevile.

Lakini hili nalisema kwa Watanzania wote. Mgeni akija vyuo vyetu tunamfanyia jambo hilo hilo kwa Kiswahili, tena bila haya, kwa sababu tunaamini kila mtu lazima akijue. Kikundi cha kazi kina watu sita, mmoja anatoka Malawi. Dakika tano za kwanza Kiingereza, kisha mmoja anatupia utani, wote wanacheka, na mkutano unamalizikia kwa Kiswahili. Yule Mmalawi anapewa kazi ya kuchapa. Mwisho wa muhula mnashangaa hasemi na mtu.

Natoka Kenya, niko mwaka wa kwanza chuo kimoja cha Tanzania. Chumba ni cha wawili, sasa tuko watatu: rumeti kamleta binamu yake alale hapa "kwa muda". Naogopa nikisema nitaonekana Mkenya mkali.

Hiki wenyeji wanakiita kubebana. Mwenye kitanda anambeba asiye na kitanda. Hakikuzaliwa kwa ukarimu peke yake. Kilizaliwa kwa sababu vitanda havitoshi. Mlimani walijenga hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017 kuchukua wanafunzi 3,840, na kubebana hakujaisha, maana wanafunzi nao wanaongezeka, na wa mbali hana uwezo wa kupanga mtaani kabla bumu, yaani fedha za mkopo, halijaingia. Kwa hiyo usiende na hasira ukadhani umedharauliwa kwa sababu unatoka nje. Wenyeji nao wanabebana.

Ila kubebana kuna adabu zake, na naona kizazi hiki kimezisahau. Mwenye chumba cha pamoja anamuomba mwenzake kwanza, mgeni akiwa bado yuko nje na begi lake. Anayebebwa analala kitanda cha aliyembeba, hasogei kwa mwingine. Hapewi ufunguo wa kuchonga. Anachota maji, anafagia, na siku ya mtihani wa mwenyeji anakwenda kupiga msuli maktaba hadi usiku. Na ana tarehe ya kuondoka.

Basi anza na hiyo tarehe. Mkae wawili, binamu asiwepo, useme kwa sauti ya kawaida: "Ndugu yangu, simkatai binamu yako. Nataka tu kujua anaondoka lini, na mpaka hapo tupange vipi." Salimia kwanza, uliza habari za nyumbani kwao, ndipo uingie kwenye shauri. Hapo ndipo Wakenya wengi mnapokwama huku: hoja yenu ni ya haki kabisa, ila mnaitoa kabla ya salamu. Nanyi Watanzania, msifiche tamaa zenu nyuma ya mgeni mpole. Mtu akinyamaza hajakubali.

Ramadhani iliyopita rumeti wangu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kula daku. Taa, sufuria, kengele ya simu. Nilidisko usingizi mwezi mzima. Mwaka huu nifanyeje?

Jinunulie kitambaa cha kufunika macho, naye aweke simu kwenye mtetemo chini ya mto. Chakula apike usiku akiweke kwenye hotipoti, uji kwenye chupa ya chai, ale kwa tochi. Najua wasichana wawili, mmoja wa Pemba na mmoja wa Moshi, waliomaliza jambo hili kwa kupanga meza kabla ya kulala: chupa ya uji, vikombe viwili, sahani imefunikwa kawa. Cha ajabu vikombe vilikuwa viwili. Yule wa Moshi alikuwa anaamka anakunywa uji, analala tena, na saa tatu anakwenda kunywa chai kama kawaida.

Tena hukuniandikia habari za spika yako ya Jumamosi usiku. Nadhani ipo.

Mwenzangu anapika dagaa chumbani kwenye jiko la umeme. Harufu inaingia hadi kwenye nguo. Nimwambie vipi bila kumtukania chakula cha kwao?

Dagaa wana haki ya kunuka, usilalamikie dagaa. Lalamikia jiko. Jiko la koili moja linaweza kuvuta wati 1,000 au zaidi, hita ya kuchemshia maji vilevile, na ninyi mmeyachomeka yote mawili kwenye ekstensheni moja nyembamba ya sokoni, pamoja na pasi na chaja za simu. Waya unapata moto chini ya godoro. Ndiyo maana mabweni mengi yanakataza kupika chumbani, si kwa sababu mlezi hapendi harufu. Gusa ile ekstensheni jioni moja jiko likiwa linawaka. Ikiwa ya moto, chomoeni, mkapike kunakoruhusiwa. Hapo harufu nayo itakuwa imehama bila mtu kutukanwa.

Rumeti wangu anaongea usingizini kwa lugha nisiyoijua. Nifanye nini?

Geukia ukutani.

Nimepata nafasi International House, New York. Naambiwa ni hosteli ya wageni tu. Nitajifunza nini kwa wageni wenzangu?

Umeambiwa vibaya. Wamarekani nao wanakaa humo, kwa makusudi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1909 Harry Edmonds, mfanyakazi wa YMCA, alimsalimia mwanafunzi Mchina kwenye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia, na kijana akamwambia amekaa New York wiki tatu na huyo ndiye mtu wa kwanza kusema naye. Edmonds akaanza kuwakaribisha wanafunzi wa nje nyumbani, na kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo jumba likafunguliwa 1924. Berkeley, California, walifungua lao 1930, na majirani walipinga vikali kuona rangi zote, wanaume na wanawake, chini ya paa moja.

Sasa wewe unakwenda mahali palipopiganiwa hivyo. Ukifika utakuta meza ya Waafrika Mashariki kwenye chumba cha kulia, kuna kicheko na kuna mtu ana pilipili ya kutoka nyumbani. Kaa hapo Ijumaa. Siku nyingine beba sahani yako uende kwa usiowajua. Na usingoje usalimiwe. Huko mtu anaweza kukupita kwenye korido akiwa hana ubaya wowote.

Sisi wanne tunatoka nchi nne. Nani asafishe choo?

Wote, kwa zamu, karatasi ibandikwe mlangoni. Aliyekuandikisha barua ndiye aanze wiki hii.