Jibu: Mchapaji na mchapishaji ni mtu mmoja?

Umeuliza kama ni mtu mmoja. Hapana. Mzizi ni chapa, neno lililotoka lugha za Bara Hindi, yaani alama iliyogandamizwa. Mchapaji ana mashine: anatia wino karatasini, anakata, anajalidi. Ile -isha ya kuchapisha ni ya kusababisha. Mchapishaji husababisha kitabu kichapwe. Huchagua mswada, humlipa mhariri, hubeba gharama na hasara, husambaza. Kwa Kiingereza mchapishaji ni publisher, neno lililotoka Kilatini publicare, yaani kuweka hadharani, wala hamna wino humo. Ndiyo maana kitabu cha mtandaoni huchapishwa bila kuchapwa. Waandishi wengi hulipia nakala 500 wakidhani wamepata mchapishaji. Wamepata mchapaji tu, na kwenye ukurasa wa hakimiliki mchapishaji aandikwe mwandishi mwenyewe.