Malipo ya wachezaji wa vyuo Marekani yana kikomo
Wapo wanaodhani vyuo vya Marekani sasa huwalipa wanamichezo wao kiasi chochote vinachotaka. Hapana, sivyo. Kwa mwaka wa masomo 2025–26, chuo kinaruhusiwa kugawa hadi takriban dola milioni 20.5, na hizo ni za wachezaji wake wote, si za mmoja mmoja. Kikomo hicho kimetokana na suluhu ya kesi ya mwanamichezo Grant House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken Juni 2025. Katika suluhu hiyo mna pia fidia ya karibu dola bilioni 2.8 kwa waliocheza tangu 2016, italipwa kwa miaka 10. Ila pesa za matangazo kutoka kampuni za nje hazihesabiwi katika kikomo hicho. Wanaonisikitisha ni waogeleaji na wacheza tenisi: bajeti ya chuo ikibanwa na malipo haya, michezo yao ndiyo hukatwa kwanza.