Vimbunga viwili vikikaribiana, utajuaje kama vitaungana?

Mkuu umeuliza utajuaje kama vimbunga viwili jirani vitaungana viwe dhoruba moja kubwa zaidi, aisee hapo kwenye "kubwa zaidi" toa hofu, mara nyingi haiwi hivyo. Anza na umbali kati ya vitovu, chini ya kilomita kama 1400 vinaweza kuanza kuzungukana, hii ndo athari ya Fujiwhara, yule mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani aliyeielezea 1921, ila kuungana kabisa mpaka visogeleane sana, kama kilomita 300 hivi kushuka chini. Afu cheki ukubwa, kimoja kikiwa kikubwa na kingine dhaifu basi dhaifu ndo kinamezwa, kama kimbunga Seroja kilivyokimeza kimbunga Odette karibu na Australia Magharibi Aprili 2021, vikilingana nguvu mara nyingi vinazungukana tu kisha kila kimoja kinashika njia yake. Na usishike modeli moja ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa ukalala nayo, kosa dogo la kitovu kimoja kilipo linaharibu njia ya vyote viwili, kwa hiyo linganisha ya Ulaya na ya Marekani kila zinapotoka mpya, zikipishana sana ujue bado mapema kusema.