Mwambie Mungu na Habari ya Salfa

Kauli ya kwamba Ukristo si dini bali ni uhusiano na Mungu imeshafika hadi huku kwetu. Utaisikia kwenye spika za mkutano wa Injili pale Masasi mjini, utaikuta imeandikwa nyuma ya bodaboda, na vijana wetu waliokwenda kusoma Dar wanarudi nayo likizo. Mimi ni Mkatoliki wa Ndanda, wilayani Masasi, mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), rozari iko mkobani na mikorosho iko kijijini, na sina ugomvi na kauli hiyo. Katekisimu ya Kanisa letu ya mwaka 1992, ibara ya 2558, inasema jambo hilohilo: fumbo la imani yatupasa tuliamini, tuliadhimishe, na tuliishi katika uhusiano hai na wa binafsi na Mungu aliye hai, na uhusiano huo ndio sala. Kinachonisumbua ni kwamba ukimuuliza anayeitamka, "Haya, uhusiano wenyewe nauanzaje kesho asubuhi?", anakurudishia kauli ileile kwa sauti kubwa zaidi.

Ushauri wangu ni uanze na lile unaloona halifai kutajwa kanisani. Kwa watu wa huku, mara nyingi ni fedha: ada, deni la salfa (dawa ya kupulizia mikorosho), mahari iliyokwama, shamba mnalogombania na ndugu tangu mzazi alipofariki. Tunaomba amani ya dunia, tunamwombea Baba Mtakatifu na maaskofu, tunawaombea marehemu walio toharani, halafu tunarudi nyumbani kukuna vichwa juu ya madeni peke yetu, kama vile Mungu hahusiki na daftari la duka.

Kwetu Wamwera, na kwa Wamakonde na Wayao vilevile, mjomba ana neno zito. Posa inapita kwake, na jando au unyago hauchezwi bila yeye kujua. Sasa kuna mpwa mmoja, nadhani kila ukoo unaye, ambaye akimwona mjomba anapiga goti, shikamoo yake ndefu, na kuku wa sikukuu hakosi kumpelekea. Lakini akiumwa, mjomba anasikia kwa majirani. Akiachika, mjomba anasikia kwa majirani. Heshima ipo na hakuna wa kumlaumu, ila mjomba akiulizwa habari za mpwa wake hana la kusema. Mungu hasubiri majirani, hilo najua. Yesu alisema Baba anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba. Lakini mpwa wa namna ile, hata mjomba akijua kila kitu, bado hana wa kumwegemea.

Nililiona jambo hili waziwazi msimu wa 2018, ambao sidhani kuna mkulima wa korosho aliyeusahau. Korosho zilishapelekwa ghalani, karatasi tunazo, akaunti haisomi kitu. Krismasi ikapita hivyohivyo, Januari shule zikafunguliwa. Jumamosi moja alfajiri jumuiya yetu, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, ilisali kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Rozari ikaenda, somo likasomwa, tukafika kwenye nia, pale kila mmoja anapotaja analoliombea. Zikawa zilezile za siku zote: amani, wagonjwa, miito mitakatifu. Ikafika zamu ya mwenye nyumba. Akavua kofia, akakohoa, akasema, "Shikamoo, Baba."

Wajukuu wakacheka chinichini. Yeye akaendelea bila kuwatazama: "Nimekuja na habari ya salfa. Niliikopa mwezi wa sita, nikaahidi kulipa korosho zikiuzwa. Korosho zimeondoka, hela sijaiona. Mwenye salfa jana kapita hapa, mimi nikajificha chooni. Mtu mzima mwenye wajukuu, Baba, nimejificha chooni. Naona aibu. Basi."

Kile kiitikio chetu cha "Ee Bwana, twakuomba utusikie" kilichelewa kutoka siku hiyo. Nimesali na watu wengi wenye maneno matamu, wengine wana karama ya kusali nusu saa bila kurudia sentensi, na bado sala ninayoikumbuka ni hiyo ya salfa. Ukiisikiliza vizuri, haikuwa na ombi hata moja. Mzee hakuomba hela. Alimweleza Mungu mahali alipo, mpaka na chooni, na hakujipamba.

Ukitaka kuona jinsi tunavyokwepa kufanya hivyo, soma Yohana sura ya 4. Wanawake waliokulia Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde ambako maji yalikuwa ya kuteremkia bondeni, wanaielewa habari hiyo kabla padre hajafungua mdomo: mwanamke, mtungi, jua la saa sita, kisima kirefu. Yesu anamwambia akamwite mumewe. Anajibu kwa mkato kwamba hana mume. Yesu anamtajia waume watano aliokuwa nao, na huyu wa sasa asiye wake. Ni hapohapo, wala si kabla, mama yule anapoanzisha mjadala wa mahali pa kuabudu: wazee wetu waliabudu katika mlima huu, ninyi Wayahudi mnasema ni Yerusalemu. Kaguswa nyumbani, kakimbilia mlimani! Swali lake lilikuwa na uzito, na Yesu alilijibu. Ila siku hizi nikiwaona watu wanabishana mpaka jasho linawatoka, Sabato ni Jumamosi au Jumapili, ubatizo ni wa maji mengi au machache, huwa nawaza ni kitu gani nyumbani ambacho hakitakiwi kuguswa.

Halafu sali kwa lugha unayolilia. Bibi yangu alizijua sala zote kwa Kiswahili, kutoka kwenye kitabu kidogo kilichochapwa hapahapa Ndanda, lakini akifiwa alilia Kimwera. Nilipokuwa msichana nilimsikia jikoni akiongea Kimwera kwa sauti ya kawaida, mara anauliza, mara ananyamaza, nikaenda kutazama mgeni ni nani. Hapakuwa na mgeni. Kiswahili chetu cha kanisani ni kizuri, na "utujalie" zake nazipenda, lakini mtu anaweza kujificha ndani yake miaka na miaka. Kimwera hakina "utujalie" ya kujificha. Ukisema umechoka, umechoka.

Na kama una hasira, zipeleke hizohizo. Wapo wanaodhani kumlalamikia Mungu ni kukufuru, na bado kila mwaka wanaimba, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni Zaburi ya 13, aya ya kwanza. Zaburi zimejaa malalamiko ya watu waliokuwa karibu na Mungu kiasi cha kuweza kumlalamikia.

Kuhusu mahali na muda, washauri wengi watakuambia utafute chumba chenye utulivu. Chumba gani? Nyumba zetu nyingi watoto wanalala mpaka sebuleni. Yesu alisema uingie chumbani ufunge mlango, nami msimu wa korosho chumba changu ni shambani. Kuokota korosho ni kazi ya kuinama peke yako. Unaokota bibo, tunda la mkorosho, unaizungusha korosho mpaka inachomoka, unaitupia ndooni, bibo unaliacha chini linuke na wenzake waliochacha na nyuki wao. Mikono ikishazoea, kichwa hakina kazi. Pale naongea na Mungu, mara kwa sauti, mara kimoyomoyo, na nikiishiwa maneno naendelea kuokota. Wewe wa mjini una foleni ya kisima, una safari ya daladala, una vyombo vya kuosha.

Wala usijipangie masaa. Misheni ya Ndanda ilianza mwaka 1906, na wamonaki wa abasia yake husali kwa pamoja mara kadhaa kila siku, kwa kengele, zaburi baada ya zaburi. Ukitafuta watu wa ibada kuliko hao utatembea sana. Lakini kanuni yenyewe wanayoifuata, ile aliyoiandika Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6, inasema kwenye sura ya 20 kwamba hatusikilizwi kwa wingi wa maneno bali kwa usafi wa moyo, na kwamba sala iwe fupi, isipokuwa mtu avutwe na neema ya Mungu kuirefusha.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia niiache rozari ili nipate uhusiano. Nilipofiwa na mama yangu sikuwa na neno lolote la kumwambia Mungu, zuri wala baya. Wenzangu wakakaa mkekani, wakaanza "Salamu Maria", na mimi nikawa naitikia tu nusu ya pili. Usiku mzima niliombewa kwa maneno ambayo sikuyatunga, nami nilikuwa mdomo tu. Anayedharau sala za kukariri hajafikwa na siku ya namna hiyo, na itamfika.

Ninaowaonea mashaka ni wale walioziacha ibada kwa jina la uhusiano, halafu ukiwatembelea unakuta chupa ya maji ya upako juu ya mlango, mafuta dirishani, kitambaa ndani ya pochi, na vyote vina risiti. Hiyo nayo ni ibada, tena ya kulipia. Sisi wa kusini ndio tungekuwa wa mwisho kutegemea maji ya kunyunyiziwa: mwaka 1905 wazee wetu waliahidiwa kwamba dawa ya Kinjikitile, mganga wa vita vya Maji Maji, itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Ushujaa wao nauheshimu. Risasi zilibaki risasi.

Niseme na hili kabla sijaeleweka vibaya. Nusu ya ukoo wetu ni Waislamu, na shemeji yangu huwa ameshaswali alfajiri mimi bado nageukia upande wa pili. Kilicho kati yake na Mungu sikijui, na sijatumwa kukipima. Naandika kuhusu sisi tunaobatizwa, tunaopata kipaimara, tunaofunga ndoa kanisani, na bado tunaweza kuzikwa na padre bila Mungu kuwahi kusikia kutoka kinywani mwetu habari moja ya kweli.

Ukishaanza kumwambia kweli, jiandae, kwa sababu mazungumzo hayatabaki kwenye shida zako tu. Kangomba kila mtu wa Mtwara na Lindi anaijua. Jirani amekwama, msimu bado, unampa hela kidogo. Korosho zikianguka anakulipa kwa kipimo chako na kwa bei yako. Imepigwa marufuku na bado inafanyika, usiku, kwa baiskeli. Wapo wanunuzi wa kangomba wanaoongoza litania vizuri kuliko mimi. Nikiombwa ushauri na mtu wa namna hiyo namtuma kwa Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, Luka sura ya 19. Yesu alijialika nyumbani kwake, na katika habari yote hiyo hakuna mahali anapomdai kitu. Zakayo mwenyewe ndiye aliyesimama akaanza kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Mgeni kafika nyumbani, mfuko ukafunguka wenyewe. Kama Mungu amekaa kwako miaka kumi na kipimo chako cha kangomba hakijatikisika, sijui umemkaribisha nani.

Naulizwa sana kama Mungu anajibu, na kwa njia gani. Mimi sauti sijawahi kuisikia. Anayeisikia kila siku, tena ikisema yale tu aliyokuwa anayataka, ningemshauri akamwone padre. Ninachofanya ni kuisoma Injili ya Jumapili inayokuja tangu Jumatatu, kipande hichohicho, wiki nzima. Siku mbili za mwanzo hakuna kitu. Najua hadithi, najua mwisho wake. Kufikia Alhamisi kuna mstari umeshaanza kunifuata, na kwa kawaida si ule ninaoupenda. Ilipofika zamu ya mtumishi asiyesamehe, wa Mathayo 18, aliyefutiwa deni lake akakataa kumfutia mwenzake, nilikuwa namdai mtu wa karibu, na kila nilipokisoma kile kipande nilikuwa naona namba yake ya simu. Ijumaa nikampigia. Hatukuongea sana, ila deni nikalifuta, na Jumapili niliweza kusikiliza mahubiri.

Kama wewe ni kiongozi wa jumuiya, nakuomba ujaribu jambo moja: ziache nia ziwe za kweli. Kwetu zilianza kubadilika baada ya ile Jumamosi ya salfa. Mama mmoja akataja ada ya mwanawe, mwingine akamtaja mumewe na uraka wake, ile pombe ya mabibo, huyo mume akiwa amekaa palepale. Zikawa ndefu mno, jua linachomoza hatujamaliza, watu wanachelewa shambani. Mwenyekiti akaamua zihamie mwisho kabisa, baada ya matangazo, mwenye haraka aondoke. Wengi hubaki. Siku nyingine hela ya ada inachangwa papo hapo mkekani. Mjumbe mmoja ameshalalamika kwamba tumeigeuza jumuiya kuwa kikao cha vikoba, na anataka suala hilo lipelekwe parokiani. Alipeleke tu.