Bati au shingeli? Maswali yenu kuhusu paa

Mvua za Machi zikikaribia, kila anayejenga hukumbuka paa. Wiki hizi barua nyingi zimeuliza jambo moja: nibaki na bati, au niweke shingeli, vile vigae vya lami vinavyofunika nyumba nyingi za Marekani? Nimeanza kupanda mapaa nikiwa kijana wa kumpelekea fundi misumari, na bado napanda. Nitajibu kwa niliyoyaona.

Binti yangu yuko Dubai, ananijengea nyumba hapa Busia. Duka moja la Kampala limemtumia picha za shingeli, amezipenda sana. Nimjibu nini? (Mama, Busia)

Mama, kwanza mwulize binti: shingeli gani? Hapa Uganda jina hilo limebeba vitu viwili. Kuna bati lililofinyangwa kama kigae na kumwagiwa chembe za mawe juu. Wauzaji wengi huliita shingeli, lakini ni bati. Na kuna shingeli yenyewe, ya lami. Ukitaka kuzitofautisha, peleka sumaku dukani. Ikinata, hilo ni bati la chuma lililovalishwa mawe, na maneno mengi ya hapa chini hayalihusu.

Ile ya lami ukiishika mkononi utaijua. Inapinda kama kipande cha zulia zito, ina harufu hafifu ya barabara mpya, na ukiipitisha kidole juu baadhi ya chembe zinabaki kwenye ngozi. Ndani yake kuna kitambaa cha nyuzi za kioo kilichofunikwa lami pande zote mbili. Chembe za mawe ndizo mwavuli wake: zinaizuia lami isichomwe na jua. Zikiisha, lami inakauka, inapasuka, na paa limekwisha.

Sasa hesabu. Bati linakaa juu ya papi, zile mbao za mlalo linapopigiliwa, na kati ya papi na papi ni hewa tupu. Shingeli haiwezi kukaa juu ya hewa. Inahitaji paa zima litandikwe mbao au plaiwudi kwanza, kisha karatasi ya lami, ndipo vigae vipigiliwe. Mita moja ya mraba ya shingeli ina uzito wa kilo 10 hadi 15, kabla hujaongeza zile mbao. Bati la geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati) halifiki kilo 4. Kwa hiyo kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, nazo lazima ziwe imara zaidi. Duka lililotuma picha limetaja bei ya kigae. Binti aombe bei ya paa lililokamilika: mbao, plaiwudi, karatasi, misumari, fundi, usafiri mpaka Busia.

Jambo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Upepo uking'oa vigae sita mwaka wa nane, mama, nani atakuja kuvirudisha, na rangi ile ile utaipata wapi? Bati likitoboka, fundi wa mtaa wa pili anakuja jioni hiyo hiyo. Pesa ya binti imetoka kwenye jasho la ugenini. Mwambie anunue bati la geji 28 lenye rangi aipendayo, na kinachobaki kiingie kwenye dari, gata na tangi.

Nina nyumba ya bati Kabale. Asubuhi maji yanadondoka ndani na usiku hakukuwa na mvua. Fundi amepigilia misumari upya mara mbili, bado. Shingeli itaniponya? (Mwalimu, Kabale)

Mwalimu, paa lako halivuji. Ni pumzi zenu. Usiku wa Kabale ni baridi, na bati hupoa haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye nyumba. Unyevu wa watu waliolala, wa jiko, wa nguo zilizoanikwa ndani, hupanda, hukuta bati la baridi, na kugeuka matone. Ni kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyolowa nje. Ile misumari mipya haikusaidia kitu, na kila tundu lililoachwa wazi ni mlango wa mvua. Kagua yazibwe yote.

Shingeli ingepunguza tatizo kwa sababu ya mbao zilizo chini yake, ila hujalazimika kufika huko. Weka dari, kisha uipe nafasi iliyo juu ya dari njia ya kupumua: matundu yenye wavu chini ya ukingo wa paa pande zote mbili, na mengine kwenye kuta za pembe tatu. Ukija kuezeka upya, tandika karatasi ya kuzuia maji chini ya bati.

Watu wanasema bati linavuta radi. Huku kwetu radi imeua watoto. Ni kweli? (Mzazi, Kiryandongo)

Najua unachokizungumzia. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, huko kwenu Kiryandongo. Swali lako silichukulii juu juu.

Bati halivuti radi. Radi hutafuta kilicho kirefu na kilicho peke yake: mti, mnara, darasa lililosimama kwenye uwanja mtupu juu ya kilima. Ukilitoa bati pale ukaweka shingeli au nyasi, urefu wa jengo ni ule ule. Isitoshe, bati haliwaki. Nyasi zinawaka, na mbao za chini ya shingeli zinaweza kuwaka.

Hatari ya bati iko kwingine. Nyumba zetu nyingi ni bati juu ya mbao na matofali, bila njia yoyote ya chuma kwenda ardhini. Umeme wa radi ukishafika kwenye bati hauna pa kushukia, basi unarukia kilicho karibu: nyaya za stima, dirisha la chuma, mtu aliyeegemea ukuta. Dawa yake ni kuushushia njia: nyaya nene za shaba kutoka kwenye paa, upande huu na upande ule wa jengo, mpaka kwenye fimbo zilizozikwa ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme aliyesomea kinga ya radi. Kwa shule na kanisa naomba jambo hili liwe kwenye bajeti tangu msingi unapochimbwa. Wazazi mna haki ya kuuliza kwenye mkutano wa shule: waya wa radi uko wapi?

Mimi ni muuguzi, nalala mchana. Mvua ikipiga bati siwezi kupumzika, na jua likiwaka chumba ni tanuri. (Gulu)

Dada, hapa shingeli inashinda. Mvua juu yake ni kama mvua juu ya majani, kwa sababu kuna mbao chini na lami haina mlio. Kwa joto jibu si rahisi hivyo, kwani shingeli nyeusi hunywa jua mchana kutwa na kuachia joto jioni.

Kama bati tayari lipo, weka dari nzito badala ya kile kiplastiki chembamba, na juu ya dari tandaza magodoro ya sufi ya kioo. Kelele hazitaisha zote ila utalala. Ukifika wakati wa kubadilisha, chagua rangi ya kung'aa au nyeupe. Najua nyeusi na kahawia ndizo zinazopendwa siku hizi, ila chumba chako ndicho kitakacholipa.

Tunategemea maji ya mvua. Ipi ni salama? (Nakasongola)

Bati, bila kusita. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba likipata mvua ya milimita 20 ni lita 1,600, na ukitoa zinazopotea bado utakinga zaidi ya lita 1,200 kwa mvua moja. Kwenye shingeli maji hushuka na chembe za mawe na mabaki ya lami, na vigae vingine huwekwa shaba ili kuzuia ukungu. Ya kufulia na kumwagilia sawa, ya kunywa siyashauri. Hata kwa bati, maji ya dakika za kwanza yamwagwe, na ya kunywa yachemshwe.

Naweza kupigilia shingeli juu ya mabati yangu ya zamani? (Jinja)

Hapana. Msumari hautashika, na chini ya kigae kuna mabonde. Toa bati, tandika mbao, au baki na bati.

Najenga Namugongo nyumba ya paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Mchoraji kasema mteremko utakuwa mdogo sana. Nataka shingeli. (Kijana, Namugongo)

Ndugu yangu, kwa shingeli, kila mita 3 unazokwenda mlalo paa linatakiwa kupanda mita 1. Unaweza kushuka hadi mita 1 kwa kila mita 6 ukitandika karatasi mbili chini. Chini ya hapo maji hurudi nyuma na kupenya kwenye maungio. Paa lako lililofichwa halitafika huko. Tumia bati refu la migongo mirefu, kipande kimoja toka juu hadi chini bila kiungo.

Na lile gata lililofichwa nyuma ya ukuta lifanye pana, na liwe na mashimo mawili ya kutolea maji pamoja na tundu la akiba ukutani. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba mpya ambayo jani moja la mwavokado lilikuwa limeziba shimo pekee. Maji yalikuwa yameingia sebuleni, familia ikiyazoa kwa besheni saa nane usiku.

Nitajuaje kwamba geji 28 niliyolipia ni geji 28? (Baba, Bombo)

Kumbuka kwanza kwamba namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 28 ni takriban milimita 0.4, geji 30 ni takriban 0.3, na geji 32 ni kama robo milimita. Macho hayawezi kupima hayo. Hata mkono hudanganyika, kwa sababu rangi nayo ina unene wake.

Miaka iliyopita niliezekea mjane mmoja kwa mabati yaliyoandikwa geji 28. Niliyapokea dukani kwa kuamini maandishi. Siku ya pili mguu wangu ulilikunja bati katikati ya papi kama karatasi. Tulipopima, lilikuwa 30. Duka lilikataa kuyarudisha kwa sababu yalikuwa yameshatobolewa misumari. Mama yule hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo sitembei bila maikromita, kifaa cha kupimia unene.

Baba, nenda dukani na fundi mwenye kifaa hicho, mpime pembeni na katikati ya mabati matatu manne kutoka kwenye rundo mtakalobeba, siyo lile la maonyesho. Tazama alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na geji iliyochapwa kwenye bati lenyewe, na risiti iandikwe geji na rangi. Yakifika nyumbani, simama chini umwangalie fundi anapopigilia: msumari wa kofia unaingia juu ya mgongo wa bati, wala si kwenye bonde ambamo maji hupita, na raba yake inabanwa bila kupasuka. Akianza kupiga kwenye bonde, mwambie ashuke siku hiyo hiyo.