Usingoje Ruhusa: Kujiandaa na Darubini ya Rubin Ukiwa Arusha au Moshi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Moshi aliniandikia. Amemaliza shahada ya fizikia, anafundisha kwa kujitolea, na swali lake lilikuwa hili: "Dada, hii darubini mpya ya Chile kila mtu anaizungumzia. Sisi Watanzania tutaipata lini?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, kwa hiyo naandika hapa, maana najua mko wengi mnaojiuliza hivyo hivyo.

Mdogo wangu, sehemu yake tumeshaipata. Shida ni kwamba hakuna aliyetuambia.

Darubini yenyewe inaitwa Vera C. Rubin, kwa heshima ya mwanamama Mmarekani aliyepima jinsi galaksi zinavyozunguka na kutupa ushahidi mzito kwamba kuna mata isiyoonekana. Iko juu ya mlima Cerro Pachón. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 8.4, kamera yake ina megapikseli 3,200, na kazi yake ni kupiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka 10, kila sehemu ikirudiwa mara 800 hivi. Picha za kwanza zilitolewa tarehe 23 Juni 2025, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Tulikuwa tumejazana kwenye maabara ya shule moja hapa Arusha, wanafunzi, walimu na vijana wawili watatu wa kompyuta. Walipotangaza kwamba kwa saa kumi hivi tu za kupiga picha wamepata asteroidi mpya 2,104, yaani miamba inayozunguka Jua, watu walipiga makofi. Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Nililia kwa sababu ya jambo lililonipata miaka michache kabla ya hapo. Nilikuwa nimebahatika kwenda kwenye mafunzo nje ya nchi. Mtoa mada mmoja, mtu mwenye jina kubwa kwenye fani, akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu, akasema nchi yangu haimo kwenye orodha ya wenye haki ya data za Rubin, kwa hiyo ingefaa nijikite kuwafundisha watoto wa shule habari za nyota. Alisema kwa upole kabisa, mbele ya wenzangu wote. Kufundisha watoto ni kazi njema na naifanya mpaka leo. Lakini alichokuwa ananiambia ni kwamba mlango wa utafiti kwangu umefungwa, na haikuwa kweli. Bado inaniuma.

Ukweli ni huu. Picha kamili na katalogi kubwa za Rubin kwanza ni za wanasayansi wa Marekani na Chile, pamoja na wa nchi nyingine zilizochangia mradi. Kwa wengine wote hufunguliwa baada ya miaka 2. Ila arifa hazina masharti hayo. Kila picha mpya inapopigwa, kompyuta huilinganisha na picha ya zamani ya sehemu ile ile, huondoa kisichobadilika, na kilichobaki hutumwa kama arifa: nyota imelipuka, asteroidi imepita, nyota fulani imeongeza mwanga. Lengo lao ni arifa itoke ndani ya sekunde 60, na usiku mmoja unaweza kutoa mamilioni. Hizo ni za dunia nzima. Hupokelewa na madalali wa arifa, yaani mifumo inayozichambua na kuzigawa kwa watu: Lasair ya Uingereza, Fink ya Ufaransa, ALeRCE ya Chile na nyinginezo. Hakuna anayekuuliza uraia wako.

Kwa hiyo anza na arifa, na uanze sasa. Usiseme utaanza Rubin ikitulia. Kuna mradi mwingine, ZTF, unaotumia darubini ya Palomar kule California, ambao umekuwa ukitoa arifa za namna hii tangu 2018. Waliojiandaa kwa ajili ya Rubin duniani kote wamejifunzia hapo. Mimi pia nimejifunzia hapo, usiku, kwa bando la usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Nilijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, ya kutosha kuchora grafu, na SQL, lugha ya kuuliza hifadhi za data, ya kutosha kumwambia dalali: nipe vitu vilivyo karibu na galaksi, ambavyo jana havikuwapo na leo vinazidi kung'aa. Hicho kinaitwa kichujio, na kichujio kizuri ndiyo nusu ya kazi. Hupakui data zote kwenye laptop yako. Unatuma swali, unaletewa jibu dogo. Hata umeme ukikatika, ukirudi unaendelea.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka, nami nawasihi msiiruke. Kila arifa huja na vipicha vitatu: picha mpya, picha ya zamani, na tofauti yake. Vitazame kwa macho yako mwenyewe. Tazama vingi mpaka uchoke, halafu tazama tena. Ukiona doa jeupe limebanana na doa jeusi, mara nyingi picha mbili hazikulingana sawasawa, wala hakuna kitu kipya angani. Ukiona alama pembeni mwa nyota angavu sana, kuwa na shaka. Ukiona nukta safi ya duara kwenye mkono wa galaksi, na kwenye picha ya zamani haipo, hapo keti vizuri. Kompyuta hutoa alama za kukadiria kipi ni cha kweli na kipi si cha kweli, na zinasaidia. Lakini miezi ya mwanzo ya darubini yoyote ndiyo miezi ya makosa ya kila aina, na mtu ambaye jicho lake limezoea ndiye atakayejua kipi ni kosa na kipi ni ugunduzi. Kijana mmoja wa kikundi chetu, fundi simu kwa kazi yake ya mchana, kichujio chake kilinasa nukta ya namna hiyo mwaka jana. Aliiandika kwenye daftari kwamba anaidhania kuwa supanova, yaani nyota iliyolipuka. Siku kadhaa baadaye watu wenye vifaa vya kuchambua mwanga walithibitisha kuwa ni supanova ya aina ya Ia. Jina lake halimo popote kwenye ripoti hiyo. Ila sisi tunajua, na najivunia kijana yule kuliko ninavyoweza kueleza.

Jizoeze pia vipimo vyao. Rubin hutoa kiasi cha mwanga kwa kipimo kiitwacho nanojanski, siyo kwa madaraja ya mwangaza tuliyofundishwa chuoni, ambayo namba ikiwa kubwa mwanga ni hafifu. Kugeuza ni rahisi: chukua logi ya kiasi hicho, zidisha kwa 2.5, kisha jibu ulitoe kwenye 31.4. Nanojanski 1,000 zinakuwa daraja la 23.9, yaani kitu hafifu sana. Na kwenye picha ya tofauti, kiasi cha mwanga kinaweza kuwa hasi. Usikitupe! Maana yake ni kwamba kitu hicho leo kina mwanga mdogo kuliko kwenye picha ya zamani, na hiyo nayo ni habari.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku hasa. Usiku ukiingia Chile, kwetu ni kati ya saa saba na saa tisa usiku. Kitu kikigunduliwa kule, dunia inazunguka, na kitapita juu ya Arusha usiku unaofuata, saa saba hivi kabla Chile haijaweza kukiona tena. Tuko nyuzi tatu tu na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu anga lote la Rubin linatufikia. Tena, nyota zenye mwanga mkali kuanzia daraja la 16 hivi huijaza kamera ile kupita kiasi na haiwezi kuzipima vizuri. Hizo ni za darubini ndogo. Ndiyo, masika hutunyima anga, na Juni na Julai Moshi mawingu hayaondoki. Lakini Januari na Februari, na tena Agosti kuelekea Oktoba, mtu mwenye darubini ndogo na kamera nzuri huku Kaskazini anaweza kujaza pengo ambalo mlima mzima wa Chile hauwezi kulijaza saa hiyo.

Ndugu zangu, niseme wazi hata kama nitawaudhi. Tunapenda sana vyeti. Tunapenda semina yenye posho na picha ya pamoja. Nimealika watu kwenye vipindi vyetu vya jioni, swali la kwanza likawa kama kuna cheti. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Data za mwanzo zinawapa nafasi waliokwisha kosea sana kwenye data za mazoezi, wakajirekebisha. Mwenye kichujio kilichojaribiwa atakuwa anatazama matokeo wakati wewe bado unajaribu kufungua akaunti.

Na ukishakuwa na kitu mkononi, waandikie watafiti. Usitume wasifu wa kurasa nne. Tuma grafu moja: tarehe chini, mwanga pembeni, mistari ya makosa, inayoonyesha kipimo kinaweza kukosea kiasi gani, ikionekana, na sentensi tatu za kueleza unadhani ni nini na kwa nini. Taja namba ya kitu hicho ili waweze kukitafuta wenyewe. Mimi nilikuwa natuma barua ndefu za kujieleza, nikijibiwa kwa kimya cha miezi. Nilipoanza kutuma grafu, majibu yalianza kuja, mengine siku hiyo hiyo, na la kwanza kabisa liliuliza nimetumia kichujio gani.