Mbona hamjauliza anachokula baba?

Mmeuliza wiki hii kama anachokula mwanamke kabla ya kushika mimba kinaweza kuamua atazaa wa kiume au wa kike. Mwanamume mbona mmemsahau? Yai la mama siku zote hubeba kromosomu X. Ya pili, X ya binti au Y ya wa kiume, hutoka kwa baba. Tulifundishwa hayo sekondari, tukafaulu mtihani, tukayaacha hukohuko darasani.

Wifi yangu alikuwa na mabinti watatu. Mama mkubwa akashika usukani wa jiko: chumvi na ndizi kwa wa kiume, maziwa kwa wa kike. (Wala si mambo ya bibi zetu, watafiti Stolkowski na Lorrain waliyaandika kwenye jarida la kitabibu mwaka 1980.) Sasa fikiria mtu umkataze maziwa akiwa Tanga! Ijumaa moja tumekaa mkekani, ugali umeshapakuliwa, wifi akanyoosha mkono kwenye jagi la mtindi. Mama mkubwa akalisogeza, akamwekea kipande cha papa mkavu, chumvi imemganda mgongoni hadi inaonekana. "Kula hicho, mwanangu. Mtindi umeshatuzalia wa kutosha." Mabinti wanasikia. Mkubwa wao akakiweka kikombe chake chini, hakukigusa tena. Na kaka yangu? Alijimiminia kikombe cha pili, akafuta masharubu, akaomba sukari. Hakuna aliyemwambia kitu.

Wa nne alikuwa binti. Mama mkubwa akasema wifi alikuwa anakunywa maziwa kwa siri.

Najua mtaniletea utafiti wa Fiona Mathews na wenzake, Uingereza, 2008: wajawazito 740 wa mimba ya kwanza. Waliokula chakula chenye nguvu nyingi karibu na kushika mimba, asilimia 56 walizaa wa kiume. Waliokula kidogo, asilimia 45. Hata nafaka za boksi za asubuhi zikahusishwa na wavulana. Mwaka uliofuata mtakwimu Stanley Young na wenzake wakajibu kwamba ukipima vyakula zaidi ya 100, lazima kimoja kitajitokeza kwa bahati tu. Hapo nilitaka kufunga mjadala. Lakini kuna ile njaa ya China ya 1959 hadi 1961: uchambuzi uliotoka 2012 ulionyesha idadi ya wavulana ilipungua kidogo kati ya waliozaliwa. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba lishe haina mkono kabisa. Huenda inausogeza mzani kidogo kwa taifa zima lililoshinda njaa. Kwa mama mmoja, jikoni kwake, sioni.

Jibu langu basi ni hapana. Ila binti yangu aking'ang'ania kujaribu, nitamwambia anywe uji mzito kila asubuhi, hauna hasara. Maziwa asiache, na chumvi aipunguze, presha haichagui jinsia. Na mumewe aletewe bakuli lilelile.